Chura ni Utani, "Mkimbizi" Je? Sayansi Kidogo ya Maneno ya Mashabiki

Ukishuka mwalo wa Kibirizi asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga, huna haja ya kuuliza nani kashinda. Utasikia tu. Anayepakia magunia ya dagaa anamwita mwenzake chura, mwenzake anajibu "mikia nyie", mama wa chai anacheka, na kazi inaendelea. Hakuna ngumi. Sasa chukua maneno hayohayo, yapeleke kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki. Hadi saa mbili usiku mmoja kaondolewa, wawili wametoka wenyewe kwa hasira, na mwingine anatishia kwenda polisi na picha za meseji.

Kitu gani kimebadilika hapo? Maneno ni yaleyale. Wengi hujibu haraka kwamba watu wamekuwa na hasira za karibu, au kwamba siku hizi "lugha ya heshima" inaua ushabiki. Mimi naona jibu liko kwingine, na kwa bahati nzuri liko kwenye kitu ambacho wewe msomaji unakijua tangu utotoni, ila pengine hujawahi kukiona kama kitu cha kisayansi. Nacho ni utani.

Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana kuhusu uhusiano wa aina hii. Kwa ufupi alisema kuna mahusiano ambamo mila inamruhusu mtu, na wakati mwingine inamlazimisha, kumdhihaki mwenzake, na huyo mwenzake hatakiwi kukasirika. Mwaka uliofuata R. E. Moreau akachapisha utafiti wake kuhusu utani wa Tanganyika yenyewe. (Moreau hakuwa mtaalamu wa jamii hata kidogo. Alikuwa mtaalamu wa ndege, anafanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Nadhani mtu aliyezoea kukaa kimya msituni akisikiliza alifaa kabisa kwa kazi hiyo.) Alikuta kwamba makabila mengi yaliyotaniana yalieleza chanzo kimoja: zamani tulipigana. Vita ikaisha, ukabaki utani.

Lakini sehemu ya muhimu zaidi huwa tunaisahau. Mtani hakuwa na haki ya kukutukana tu. Alikuwa na kazi. Kwenye msiba wako ndiye aliyekuja kuchimba kaburi, kushughulikia mambo mazito ambayo ndugu wa marehemu hawayawezi, na kuwachekesha wafiwa. Ukiwa safarini ulikula kwake na kulala kwake. Wanahistoria wa misafara ya karne ya 19, ile ya wapagazi waliotembea kati ya pwani na Ujiji, wameonyesha jinsi utani ulivyosaidia watu wa makabila tofauti kuishi njiani. Mpagazi akiugua mbali na kwao, mtani ni mtu wa kumkimbilia. Kwa hiyo utani ulikuwa na pande mbili zinazojuana, ruhusa ya kurudishiana, na deni. Ukiondoa deni, kinachobaki ni dhihaka tupu.

Sasa rudi kwenye mpira. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na uhasama wao tunauita kwa jina sahihi kabisa: watani wa jadi. Majina wanayoitana yana historia yake. "Vyura" linatokana na Jangwani, yalipo makao ya Yanga, bonde ambalo mvua ikinyesha sana Dar es Salaam hujaa maji. "Mikia" ni dongo kwa wanaojiita Mnyama. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipopasuka, upande mmoja uliitwa Raizoni, kwa jina la viatu vya soli ndefu vilivyokuwa fasheni, na uliobaki ukaitwa Kandambili. Hao wa Raizoni ndio waliokwenda kuanzisha Pan African. Kandambili lilikuwa neno la kumcheka maskini asiye na kiatu cha maana. Wenye jina wakalichukua, wakalivaa, na likapoteza makali.

Ona majina hayo yote yanafanana kwa jambo moja. Yanamlenga mtu kwa kitu alichokichagua mwenyewe. Hukuzaliwa Yanga, hata kama baba yako atakwambia hivyo. Ukiitwa chura, unaweza kumwita mwenzako mkia, mkatoka sare.

Kuna aina nyingine ya maneno ambayo haina sare. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba ilishinda bao 1-0, mfungaji Taddeo Lwanga wa Uganda. Yanga ilimaliza pungufu baada ya Mukoko Tonombe wa Kongo kuoneshwa kadi nyekundu. Mpira wetu umejaa wachezaji wa nchi jirani, na mambo yakienda vibaya maneno ya "rudini kwenu" huwa hayako mbali. Kwa mtu wa Kigoma maneno hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu huambiwa hata yeye. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Katika orodha ya lugha za Kibantu aliyoiandaa Malcolm Guthrie zimo kwenye kundi moja, D60, pamoja na Kinyarwanda. Mtu wa Kigoma akiongea Kiswahili chake mjini, lafudhi inatosha. "Wewe Mrundi." "Wewe mkimbizi."

Na uwanja huohuo una habari nyingine. Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipoanza, maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kilicho kando ya ziwa karibu na mpaka. Meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kupumzishwa kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kipindupindu kilizuka na kuua watu. Miaka sita baadaye majukwaa yaleyale yakajaa jezi nyekundu na za kijani na njano. Kuna watu wa mkoa huu ambao wanaujua uwanja huo kwa namna zote mbili. Ukumbuke pia kwamba mwaka 2014 serikali ilikuwa imetangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 waliotokana na wakimbizi wa Burundi wa 1972. Hao ni Watanzania, wana kadi za Simba na Yanga, na wamo kwenye makundi yetu.

Sasa tuseme shabiki anamwandikia mwenzake: "Timu yenu inacheza kama wakimbizi." Aliyeandikiwa ni Mmakonde wa Mtwara, hana hata wasiwasi. Anacheka. Wawili hao wameelewana. Ila kuna mtu wa tatu aliyesoma kimya, ambaye maisha yake yametumika kama kuni za kupikia mzaha wa wengine. Hakuingia kwenye utani huo. Hana jina la kurudisha. Hakuna anayemdai wala kumlipa. Hapo ndipo ninapoweka mstari, na naona ni mstari ulio wazi kuliko kuuliza kama neno ni kali au laini: je, aliyeumizwa na neno ni yule unayetaniana naye, au ni mtu mwingine kabisa?

Mfano wenye uzito kuliko wote ni neno zeruzeru. Ualbino ni hali ya kurithi: mtoto akipata nakala ya jeni iliyobadilika kutoka kwa baba na nyingine kwa mama, mwili unatengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya watu 1,400 hivi. Sayansi yake haina muujiza. Lakini neno lilitembea pamoja na imani kwamba watu hawa hawafi, hupotea tu, na kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Kuanzia takriban 2007 mauaji katika mikoa ya Kanda ya Ziwa yalitikisa nchi, na Kabanga, wilayani Kasulu, ikawa kimbilio la watoto waliotolewa kwao ili wasikatwe. Neno lililosemwa na muuaji haliwezi kuwa jepesi eti kwa sababu leo linasemwa na shabiki.

Mpira unalijua jambo hili kwa karibu. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba kisha akahamia Yanga mwaka 2021, ana ualbino. Ni mtu wa maneno, na maneno yake yamemgharimu: Julai 2022 Kamati ya Maadili ya TFF ilimfungia miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20 baada ya mzozo wake na rais wa shirikisho. Hayo ni ya kubishania mpaka asubuhi. Ngozi yake haikufungiwa na kamati yoyote, na shabiki anayeishambulia amemwacha Manara na kumpiga mtoto wa Kabanga.

Je, basi dawa ni kubadilisha maneno? Hapa inabidi twende taratibu. Mwanaisimu Steven Pinker alionyesha mwaka 1994 kwamba neno jipya la adabu, likitumiwa kwa dharau ileile, huchafuka kama la zamani, na watu wanaanza kutafuta lingine. Dharau haikai kwenye herufi. Wapo wanaosema tatizo la Kiswahili ni ngeli: kipofu, kiwete, kiziwi viko pamoja na kiti na kisu, ngeli ya vitu. Hoja inavutia, ila haijitoshelezi. Kiongozi naye yuko humo, na kijana, na kinyozi, na hawajalalamika. Tena sarufi inawatendea kama watu: tunasema kipofu amefika, si kimefika.

Angalia wenyewe wamechagua nini. Shirikisho lao linaitwa la Watu wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, mtu akitangulia. Lakini viziwi wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, bila kona wala kifuniko. Zeruzeru, kwa upande mwingine, hakuna chama kilicholichukua. Kwa hiyo huwezi kupanga orodha ya maneno mazuri ukiwa umekaa peke yako. Unauliza wanaoitwa.

Hilo la orodha linatupeleka kwenye simu. John Suler, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 2004 kwa nini watu hulegea ulimi mtandaoni: hujulikani, huonekani, jibu linachelewa, na mkubwa hayupo. Pale mwaloni unaona uso wa mtu ukikunjamana kabla hujamaliza sentensi, unaongeza "utani bwana" na kumsaidia kubeba gunia. Kwenye kundi la watu 200 huoni uso, na gunia halipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, lakini inaingia mambo yakiwa yameshaharibika.

Na kompyuta? Watafiti wa Afrika wanajaribu. Mwaka 2025 mradi wa AfriHate ulitoa mkusanyiko wa maneno ya chuki na matusi katika lugha 15 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ukiwekewa alama na wasemaji wa lugha zenyewe. Kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Programu inayotafuta maneno tu itamfungia shabiki aliyeandika "vyura wamelowa leo", halafu itapitisha "rudini kwenu, uwanja mnaujua", maana hakuna neno hata moja humo ambalo halimo kwenye kitabu cha darasa la kwanza. Ili kujua kwamba hilo la pili ni tusi, mashine ingelazimika kujua nini kilitokea Lake Tanganyika Mei 2015.