Majibu ya Damu: Namba Moja Si Hukumu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima ajua kwamba si kila wingu huleta mvua. Ndivyo yalivyo majibu ya maabara ya mtu anayetibiwa saratani ya damu. Namba ikipanda kidogo, nyumba nzima hukosa usingizi. Ikishuka, wengine husema mgonjwa amepona, na vidonge huwekwa kando. Yote mawili yana hatari. Mwezi huu twapenda kueleza namna ya kuyapokea majibu hayo.

Tuchukue aina moja ya saratani hiyo, iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Katika ugonjwa huu, uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza chembe nyeupe za damu kupita kiasi. Chanzo chake ni kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, kubadilishana vipande na kuzaa jeni mbovu iitwayo BCR-ABL. Ugonjwa huu hauambukizi, wala mzazi hamrithishi mtoto. Tangu mwaka 2001 vimekuwapo vidonge vya imatinibu, vinavyozuia kazi ya jeni hiyo. Wengi wanaovimeza kila siku huishi miaka mingi, wakifanya kazi na kulea watoto wao.

Picha kamili ya damu

Kipimo hiki huhesabu chembe. Kwa mtu mzima, chembe nyeupe huwa kati ya 4 na 11 hivi, yaani maelfu katika tone dogo la milimita moja ya ujazo. Aliyekuwa na 5.2 mwezi uliopita na sasa ana 6.1 hana la kuhofia. Malaria, mafua au kidonda chaweza kuzisogeza namba hizi. Tena, Waafrika wengi kwa asili wana chache za zile chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, nao ni wazima kabisa.

Katika miezi ya kwanza dawa yenyewe huweza kushusha hesabu. Neutrofili zikishuka chini ya 1, au chembe sahani zinazogandisha damu zikishuka chini ya 50, daktari huweza kusimamisha dawa kwa muda mfupi. Uamuzi huo ni wake, si wa mgonjwa wala wa jirani.

Kipimo cha BCR-ABL

Hiki hutafuta mabaki ya ugonjwa ambayo darubini haiyaoni. Kwa kawaida hufanywa kila baada ya miezi mitatu. Shabaha ni kufika asilimia 10 au chini yake katika miezi 3, asilimia 1 katika miezi 6, na asilimia 0.1 katika mwaka mmoja.

Namba inapokuwa ndogo sana, kupanda kutoka 0.01 hadi 0.02 kwaweza kuwa tofauti ya upimaji tu. Hata damu ileile ikipimwa mara mbili, majibu huweza kupishana. Kwa hiyo yafaa kupima katika maabara ileile kila mara, na kutazama majibu matatu au manne kwa pamoja. Lakini aliyekuwa chini ya 0.1 akipanda juu yake, au namba ikizidi kupanda kila anapopimwa, daktari aambiwe mapema. Yeye ataagiza kipimo kirudiwe.

Swali la kwanza atakalouliza ni hili: je, vidonge vimemezwa vyote? Utafiti wa wagonjwa 87 katika Hospitali ya Hammersmith, London, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliokosa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya dozi zao, yaani kama siku tatu kwa mwezi, wachache tu walifikia shabaha. Swali la pili ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya imatinibu. Daktari aelezwe pia kuhusu miti shamba.

Familia ifanye nini?

1. Iwe na daftari la kuandika tarehe, namba, jina la maabara, na kama mgonjwa alikuwa na homa siku zile.

2. Mtu mmoja nyumbani akumbushe kidonge kila siku, kimezwe pamoja na chakula na maji mengi.

3. Vidonge visiachwe kwa sababu majibu ni mazuri. Wako wagonjwa wanaoacha baada ya miaka mingi, lakini huongozwa na daktari na kupimwa mara kwa mara.

4. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu isiyokatika, au uvimbe unaokua upande wa kushoto wa tumbo visingoje siku ya kliniki. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama karatasi ya mwisho ilikuwa na namba nzuri.