Mzee wa Nyuki

Ndugu wakulima, leo nawaeleza kosa langu mimi, Bwana Shamba.

Nilipoanza kazi nilipangiwa kijiji kimoja mkoani Tabora, katika nchi ya miombo. Hapo palikuwa na mzee mmoja. Shamba lake la mahindi lilikuwa baya kuliko yote. Mistari ilipinda. Magugu yalifika magotini. Kila wiki nilikwenda kwake na kamba ya kupimia. "Mzee, mstari hadi mstari sentimeta 75." Aliitikia, "Nimesikia, mwanangu." Lakini hakufanya. Siku moja nilimsema mbele ya mkutano wa kijiji. Watu walicheka. Yeye aliinamisha kichwa. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Mwaka wa tatu nilimfuata porini. Huko nilimkuta mtu mwingine kabisa! Mizinga yake ilikuwa juu ya miti. Alijua kila mti unachanua lini. Alirina jioni, kwa moshi kidogo. Masega yenye watoto wa nyuki hakuyagusa. Asali nyingine aliwaachia nyuki wenyewe, maana nao hula. Mizinga aliichonga kwa magogo. Hakuchuna gome la muyombo, kwa sababu mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Miaka mitatu nilikuwa nimemfundisha asichokiweza. Anachokiweza sikumwuliza.

Tulikaa naye na mkewe, tukazungumza. Mama ndiye aliyekuwa hodari wa shamba. Basi mahindi ya chakula akayasimamia yeye, na mzee akaongeza mizinga. Lakini mama alisema wazi, "Palizi sitaiweza peke yangu." Ilikuwa kweli. Wakakubaliana kwamba fedha ya asali italipa vibarua wa palizi. Sisemi magugu yaachwe, jamani! Magugu hula mbolea ya mahindi.

Mimi nilimwonyesha mzee mzinga wa sanduku, wenye vipande vya mbao juu. Kila kipande kina upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kipande, na sega hutolewa bila kuvunja mengine. Mzee aliutazama, akaugeuza. Nilikuwa nimeelekeza mlango kwenye upepo.

Msimu uliofuata vijana wawili walimwomba awafundishe. Mmoja alikuwa kati ya wale waliocheka mkutanoni.