Kuacha Ulevi: Safari Yenye Hatua Nne

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba, mashamba ya mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa hujaa harufu ya mabibo. Mkulima huokota korosho, huitenga na tunda lake, huianika na kuipeleka ghalani kungoja mnada. Bibo lenyewe, ambalo ni zito mara kadhaa kuliko korosho iliyoshikamana nalo, halina subira. Huharibika katika muda wa siku moja au mbili. Maji yake yana sukari nyingi, na hamira ya asili iliyo juu ya ganda lake huigeuza sukari hiyo kuwa alkoholi pasipo msaada wa mtu. Hivyo ndivyo uraka upatikanavyo. Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukapozwa, hupatikana gongo, ambayo watu wa kusini huiita pia nipa. Kwa hiyo msimu uletao fedha ndio huo huo uletao pombe hadi mlangoni, tena kwa bei ndogo.

Kwa walio wengi msimu hupita na maisha huendelea. Lakini wapo ambao kwao pombe si starehe tena, bali ni shurti. Mtu wa namna hiyo huamka mikono ikitetemeka, naye hana budi kuzimua kwa bilauri moja kabla ya kushika jembe. Jamaa zake humwona mvivu au mtu aliyekosa haya. Sayansi ya tiba humwona mgonjwa, na ugonjwa wake huitwa uraibu. Makala haya yanaeleza jinsi mgonjwa huyo anavyoweza kupata nafuu hatua kwa hatua, na kwa nini kila hatua inahitaji msaada wa namna yake.

Mvutano ndani ya ubongo

Ubongo hufanya kazi kwa mizani ya kemikali. Zipo zinazoituliza mishipa ya fahamu, na zipo zinazoichangamsha. Pombe huzipa nguvu zile za kutuliza na kuzizuia zile za kuchangamsha. Ndiyo sababu mnywaji hulegea ulimi, kisha miguu, na mwisho husinzia. Pombe ikiingia kila siku kwa miezi na miaka, ubongo hujihami. Hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uchangamfu, ili mtu aweze kutembea na kusema ijapokuwa amekunywa. Hapo kiasi kilichomlewesha zamani huwa hakimtoshi tena.

Hali hiyo yaweza kufananishwa na mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja iko pombe, upande wa pili uko ubongo, na kamba imetulia kwa kuwa nguvu zimelingana. Upande mmoja ukiiachia kamba ghafula, ule mwingine huanguka chali. Vivyo hivyo, pombe ikikatwa ghafula, ubongo hubaki na uchangamfu usio na kizuizi. Mtetemo wa asubuhi ni dalili ndogo ya hali hiyo. Kuzimua huuondoa kwa sababu huirudisha pombe kwenye kamba, wala si kwa sababu huponya.

Hatua ya kwanza: Kukubali

Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Marekani, James Prochaska na Carlo DiClemente, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wanaoacha kuvuta sigara. Walionyesha kwamba mtu haachi mazoea yake kwa siku moja. Kwanza haoni tatizo, kisha huliona lakini husitasita, kisha hujiandaa, kisha hutenda, na mwisho hujitahidi kudumu katika hali mpya. Mafunzo hayo yametumika pia kwa pombe na dawa za kulevya.

Faida yake kwa familia ni hii: maneno yapasayo kwa mtu anayejiandaa hayamfai yule ambaye bado haoni tatizo. Matusi na vitisho humfanya asiyeona tatizo ajitetee tu. Anayesitasita husaidiwa zaidi na maswali ya upole yanayomwezesha kujipimia mwenyewe: fedha za korosho za mwaka jana zilifanya nini? Watoto husema nini wamwonapo akirejea usiku? Neno la kukubali likitoka kinywani mwake mwenyewe, lina nguvu kuliko likitoka kinywani mwa shemeji au mwenyekiti wa kijiji.

Hatua ya pili: Kuusafisha mwili

Hatua hii ni fupi kuliko zote, nayo ndiyo yenye hatari kubwa. Mara nyingi jamaa wenye nia njema humfungia mgonjwa chumbani na kumnyima pombe kabisa wakidhani wanamwokoa. Kumbe kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kitendo hicho chaweza kumwua.

Mwenendo wa dalili unajulikana vema. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huja mtetemo, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kati ya saa 6 na 48 wengine hupatwa na degedege. Kati ya saa 48 na 96 wachache huchanganyikiwa kabisa: homa hupanda, huona wadudu au watu wasiokuwapo, na hawajui wako wapi. Mgonjwa aliyefikia hapo asipotibiwa aweza kufa. Katika kijiji huenda ikadhaniwa kwamba amerogwa au amepandwa na mashetani, na saa za thamani zikapotea.

Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza, kama vile diazepamu, ambayo hushika upande wa kamba ulioachwa na pombe. Kisha kipimo hupunguzwa siku kwa siku hadi ubongo uzoee. Hupewa pia vitamini B1, yaani thiamini, kwa sababu mlevi hula kidogo na pombe huuzuia utumbo usiinyonye vitamini hiyo. Upungufu wake huharibu ubongo. Daktari Carl Wernicke wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huo mwaka 1881: macho hayatulii, mwendo ni wa kuyumba, na akili imevurugika. Ndiyo sababu waganga hufundishwa kutanguliza thiamini kabla ya kumtundikia mgonjwa huyo maji ya sukari. Kwa kawaida hatua hii humalizika katika muda wa wiki moja hivi.

Yafaa kulinganisha na heroini. Anayeiacha hupatwa na maumivu makali ambayo watumiaji wenyewe huyaita arosto. Hata hivyo, ni nadra maumivu hayo peke yake kumwua mtu. Kwa wagonjwa hao ipo dawa ya methadoni, ambayo ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikaenea katika mikoa mingine.

Hatua ya tatu: Kujifunza upya

Mwili ukishasafika, wengi hudhani kazi imekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza imeanza. Usingizi huweza kusumbua kwa wiki nyingi, furaha huwa haba, na hasira huwa karibu. Katika hatua hii mgonjwa hujifunza kula kwa wakati, kulala, kufanya kazi, na kuyakabili majonzi yake bila chupa. Katika Unguja nyumba za upataji nafuu, zilizoanza kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 2000, hufuata ratiba ya namna hiyo. Waraibu hukaa pamoja kwa miezi kadhaa, wakiongozwa na wenzao waliokwisha kuacha. Nyumba hizo hufuata hatua kumi na mbili zenye asili yake katika chama cha walevi waliotaka kuacha pombe, kilichoanzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani.

Zipo pia dawa za kusaidia. Mwaka 1948 Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark walitangaza kwamba disulfiramu huizuia ini isimalize kuivunja pombe. Anayekunywa huku ameimeza dawa hiyo hupatwa na joto usoni, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Dawa hii hupewa mtu aliyekubali, akijua inavyofanya kazi. Kumtilia mlevi katika chai kwa siri ni hatari kubwa, kwa maana shinikizo la damu laweza kushuka akazimia, na hata kufa.

Hatua ya nne: Kurudi nyumbani

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia ishara fulani kabla ya kulishwa hutokwa na mate aisikiapo, hata kama chakula hakipo. Ubongo wa mraibu nao una ishara zake. Kwa mtu wa Nachingwea aliyekaa miezi mitatu bila kunywa, harufu ya mabibo mwezi wa Oktoba, mlio wa ngoma kwenye sherehe, au siku ya malipo ya korosho yaweza kuwa ishara ya namna hiyo. Tamaa humjia kabla hajafikiri lolote. Haidumu, mara nyingi hupungua katika muda usiozidi nusu saa, mradi asiwe peke yake na asiwe na pombe karibu.

Kwa hiyo hatua ya nne haimo mikononi mwa daktari. Imo mikononi mwa kijiji. Mgonjwa na familia yake wakae mapema, kabla ya msimu, na kupanga mambo yaliyo wazi: nani atayabeba mabibo na kuyaondoa karibu na nyumba, malipo yatapokewa namna gani, ni ndugu yupi ataitwa tamaa ikizidi, hata usiku wa manane, na ni siku gani ya kurudi kliniki. Wenzake nao wasimwekee bilauri mbele yake kwa mzaha wa kumjaribu.

Na akianguka je? Kuanguka ni jambo la kawaida katika magonjwa sugu, kama mwenye kisukari ambaye sukari yake hupanda tena. Lililo muhimu ni kurudi haraka katika tiba, na kuuliza ni ishara ipi iliyomwangusha ili mwaka ujao ijulikane. Aliyeanguka mara moja hajapoteza yote aliyojifunza.

Mkorosho utaendelea kuzaa, na bibo litaendelea kuchacha lenyewe, kwa maana ndivyo maumbile yalivyo. Lakini siku za kwanza za kuacha zikipitishwa hospitalini badala ya nyuma ya mlango uliofungwa, na msimu wa kwanza ukipitishwa pamoja na jamaa wanaojua la kufanya, mtu aliyekuwa akiamka akitetemeka ana nafasi ya kweli ya kuokota korosho zake na kurudi nyumbani na fedha zake akiwa na akili timamu.