Fally na Viwanja Vikubwa: Kapanda Chati au Katukimbia?

Leo tuna kesi nzito hapa mjini, na mshitakiwa si mwingine bali ni yule mtoto wa Bandal, Kinshasa, Fally Ipupa. Shitaka lenyewe ni hili: eti tangu aanze kujaza viwanja, jamaa ameacha kuwa wetu.

Kesi ilifunguliwa kwenye saluni moja ya kiume pale Kinondoni, ambako Lingala hupigwa toka asubuhi mpaka wanafunga. Siku hiyo kwenye tivii ilikuwa inaonyeshwa shoo yake ya Paris. Kamera ikavuta nyuma, ukumbi mzima ukaonekana, na Fally mwenyewe akawa kama njiti ya kiberiti katikati ya bahari ya watu. Mzee mmoja, umri wa baba yangu, akaguna: "Huyo si Fally tena. Hiyo ni nukta."

Basi hapo ndipo moto ulipowaka.

Kabla hatujafika mbali, historia kidogo kwa waliozaliwa juzi. Fally aliingia Quartier Latin ya Koffi Olomide mwaka 1999. Enzi hizo heshima ya mwanamuziki wa Kongo ilipimwa kwa swali moja: umeshapiga Paris, na umepiga ukumbi gani? Olympia ni watu kama 2,000. Zenith inapita 6,000. Bercy ndiyo ilikuwa baba yao, zaidi ya 15,000. Koffi akapiga Bercy Februari 2000, kijana wetu akiwa kwenye kundi lake. Werrason akafuata Septemba mwaka huohuo. JB Mpiana naye akaingia mwaka 2001. Si unajua tena, Werrason na JB walikuwa wameshatengana tangu Wenge Musica ivunjike mwaka 1997, kwa hiyo Bercy ikageuka ulingo wa ngumi. Nani kajaza? Nani kabakiza viti? Watu hata Paris hawajawahi kuiona, lakini walibishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka.

Fally akajitoa kwa Koffi mwaka 2006, akatoa albamu yake ya Droit Chemin, na mwaka 2007 akapanda Olympia kwa jina lake mwenyewe. Februari 28, 2020 akaipiga Bercy. Novemba 25, 2023 akaingia La Défense Arena, watu kama 40,000. Mwaka 2025 akatangaza Stade de France kwa Mei 2026, uwanja ule ambao timu ya taifa ya Ufaransa inachezea. Kutoka 2,000 hadi kwenye kiwanja cha watu 80,000! Kama ni ngazi, huyu hakupanda, aliruka.

Sasa turudi kwenye hoja. Upande wa mzee wanasema hivi: Lingala ni muziki wa jasho. Sebene linapokolea unataka kumwona mpiga solo anavyouma midomo, unataka atalaku akuone umenyanyua mkono akupigie kelele. Kwenye ukumbi mdogo wimbo unaweza kurefuka hata nusu saa kwa sababu watu wamegoma kukaa. Uwanjani kila kitu kina saa yake: taa, skrini, wachezaji, mpaka wapi acheke. "Unalipa kiingilio ili ukaangalie tivii kubwa," akasema mzee. "Si bora ubaki na yako nyumbani?"

Jamani, hoja hiyo si ya kubeza hata kidogo. Ukiwa nyuma kabisa, utamu wa gita unakufikia umeshachoka.

Lakini upande wa pili nao ulikuwa na mawakili wake. Wa kwanza ni dada mmoja msusi wa duka la jirani, aliyekuja kuomba chenji akajikuta kwenye ubishi. Yeye hakuzunguka: "Kaka zangu, nyie mnataka abaki baa ili mjione wajanja mliomjua mapema. Mimi mwanamke, saa nane za usiku kwenye baa iliyojaa walevi nani ananilinda? Mimi nataka kiti chenye namba, choo kisafi na mlango wenye taa." Saluni nzima ikacheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Wa pili ni kijana mmoja wa Bukavu, fundi simu, mtu mpole sana. "Bandugu," alisema, "sisi huko nje tukitajwa, tunatajwa vita, tunatajwa ukimbizi. Siku ile watu elfu arobaini wanaimba Kilingala katikati ya Paris, sikuona nukta mimi. Niliona kwetu." Hapo hata kinyozi alisimamisha mashine.

Na mimi naongezea la kwangu, ambalo wengi hawalisemi. Muziki wa Kongo kwa miaka mingi umelishwa na mabanga. Kwa asiyejua, libanga ni pale bosi anapotoa pesa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Ndiyo maana unasikia wimbo mmoja una majina ya wafanyabiashara, wanasiasa na wachezaji wa mpira kama orodha ya harusi. Sasa mwanamuziki anayelishwa na mabosi kumi, atamwimbia nani? Mabosi kumi. Lakini akilishwa na watu elfu arobaini waliokata tiketi, angalau anajua bosi wake mpya ni mimi na wewe. Ukumbi mkubwa unaweza kumpa msanii uhuru ambao ukumbi mdogo haukumpa.

Tena wanaolilia kumbi ndogo wakumbuke kwamba nazo hazikuwa peponi. Kwa miaka kadhaa Wakongo wa Ulaya wanaojiita combattants waliwazibia njia wanamuziki wa nyumbani, wakiwatuhumu kuwa karibu mno na serikali ya Kinshasa. Juni 2017 Fally alikuwa apige La Cigale, ukumbi mdogo tu wa Paris, lakini shoo ikapigwa marufuku kwa kuhofia vurugu. Hata siku ya Bercy mwaka 2020, nje karibu na stesheni ya Gare de Lyon magari na pikipiki zilichomwa moto, huku ndani watu wanacheza. Kwa hiyo udogo wa ukumbi peke yake haujawahi kuwa kinga.

Mpaka hapo ubishi ulikuwa wa raha. Kisha kinyozi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza: "Na wale wa Stade des Martyrs, kesi yao iko upande gani?"

Kimya.

Ndugu msomaji, Oktoba 29, 2022 Fally alipiga kwao Kinshasa, Stade des Martyrs, uwanja wa watu 80,000. Watu walikuja wakazidi uwezo wa uwanja. Ikawa msukumano, wanakanyagana, wanakosa hewa. Watu 11 walikufa, wawili kati yao ni polisi waliokwenda kulinda. Waziri wa mambo ya ndani akawatupia lawama waandaaji. Lawama haikumrudisha mtu.

Na sisi Dar tusijifanye tunahadithiwa. Machi 21, 2021, Uwanja wa Uhuru, watu wakienda kumuaga Rais Magufuli, msongamano uliua watu 45. Hakukuwa na gita wala sebene siku hiyo. Kulikuwa na umati na njia chache za kupita. Basi.

Ndiyo maana mimi naona tumekuwa tunashitaki kosa lisilo kosa. Tunabishana kama Fally bado ana moyo wa Bandal au ameshakuwa Mzungu, wakati swali la maana liko getini. Tiketi zilizouzwa zinalingana na nafasi iliyopo? Mageti mangapi yamefunguliwa, na saa ngapi? Ukizidiwa katikati ya umati kuna njia ya kutokea? Kuna watu wa huduma ya kwanza wanaoweza kukufikia? Maswali haya hayana utamu kijiweni, nakubali, lakini ndiyo yanayoamua kama utarudi nyumbani na viatu vyako vyote viwili.

Na msanii asijifiche nyuma ya waandaaji. Jina kubwa kwenye bango ni lake. Mtu anayeweza kuamua rangi ya taa na koti la kuvalia, anaweza pia kusema: bila mageti ya kutosha, sipandi jukwaani.

Kwa hiyo hukumu yangu mimi, hakimu asiye na joho, ni hii. Kwa kosa la kukua, Fally hana hatia. Mzee ana haki ya kulilia sebene lake la jasho, na mabendi ya kumbi ndogo bado yanamhitaji sana, akayaunge mkono. Dada apewe kiti chake chenye namba. Kijana wa Bukavu aachwe ajivunie kwao. Ila kila atakayejaza uwanja, awe wa Kinshasa au wa hapahapa kwetu atakayeitamani Mkapa na viti vyake 60,000, ajue kabisa kwamba shabiki wa mwisho kule nyuma, ambaye yeye anamwona kama nukta, ameacha mtu nyumbani anayemsubiri.

Wiki njema, na ukienda shoo, kabla ya kutafuta sehemu ya kuchezea, tafuta kwanza mlango wa kutokea.