Orijino nayo ina tundu

Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, izime simu bandia Juni 2016, mnunuzi wa Makambako ana swali moja: ni orijino? Swali zuri, ila halimalizi kazi. Mwaka 2019 tundu la usalama lilibainika kwenye Pixel 2, simu ya Google wenyewe, na kwenye Samsung Galaxy S7, S8 na S9, Huawei P20, hata Redmi 5A ya bei nafuu. Orijino zote.

Tundu lilikuwa kwenye Binder, draiva ya ndani ya kerneli, yaani kiini cha Android, ambayo programu hupitia kila zinapozungumza. Programu hufungua uzi wa kazi humo, kisha huiagiza epoll, sehemu nyingine ya kerneli, iuchunge uzi huo. Halafu hutangaza kwamba uzi umekwisha. Binder huiachia kumbukumbu ya uzi huo papo hapo, lakini epoll haiambiwi, imeshikilia anwani ileile. Ni lori la viazi kutoka Ramadhani, Njombe, linaloendelea kushusha magunia kwenye kizimba ambacho mpangaji wake alishahama: anapokea yeyote aliyewahi kukikalia. Mshambuliaji huwahi kujaza data zake hapo; epoll inapojiondoa, kerneli yenyewe huandika mahali pasipo pake. Akipanga vizuri, anaishia kusoma na kuandika kumbukumbu yote ya kerneli. Ruhusa haombi mtu. Hata kutoka ndani ya Chrome tundu lilifikika.

Baada ya hapo ni meseji, kamera, maikrofoni, mahali ulipo, chochote.

Kinachoudhi ni kalenda. Syzkaller, mtambo wa Google unaoitwanga kerneli kwa amri za kubahatisha, uliibua hitilafu hii Novemba 2017. Kiraka cha kuiziba kiliingia kwenye Linux, kerneli inayotumiwa na Android, Februari 2018, bila namba ya CVE inayotambulisha matundu ya usalama, na simu nyingi zikapitwa. Septemba 2019 Maddie Stone wa Project Zero, timu ya usalama ya Google, aliiripoti upya, safari hii kukiwa na taarifa kwamba inatumika kushambulia watu. Kampuni ya programu za ujasusi ya NSO ya Israel ilitajwa, ikakana. Ndipo ikapewa namba, CVE-2019-2215, na kiraka cha Oktoba.

Vibandani husifiwa kamera na betri. Tarehe ya kiraka cha usalama haitajwi, ingawa imo kwenye mipangilio, chini ya maelezo ya simu. Watengenezaji nao huzitelekeza simu za bei nafuu mapema bila viraka, kioo kikiwa kizima na chaji inakaa. Ni uharibifu wa makusudi, na simu hizo haziendi jalalani, zinauzwa mkono kwa mkono, kisha zinawekwa laini ya kutuma pesa. Kwenye simu ya zamani, tarehe ikisomeka kabla ya 2019-10-06, huenda tundu la Binder bado liko wazi.