Volti 12 Zisizo 12

Msomaji mmoja aliyeko Hamburg ameniletea swali ambalo nimelipenda tangu sentensi ya kwanza. Yeye na familia yake wamenunua karavani iliyokwishatumika, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari na kwenda nayo likizo ufukweni mwa Baltiki. Ndani ilikuwa na balbu sita za halojeni, zile ndogo zenye vijiti viwili ambazo madukani huitwa G4, kila moja ya wati 10. Sasa kuzipata ni shida, maana Umoja wa Ulaya umezuia halojeni za aina hiyo zisiingizwe tena sokoni tangu tarehe 1 Septemba 2023. Basi akaagiza za LED, za bei poa, zilizoandikwa volti 12 kama mfumo wa karavani yenyewe. Zikawaka vizuri. Lakini kila anapochomeka waya wa umeme wa kambini na chaja ya betri ikaanza kazi, taa zinang'aa kupita kiasi, zinachemka, na mbili zimeshakufa. Anataka kujua kosa ni lake, la taa au la karavani.

Kosa ni la hiyo namba 12.

Namna LED inavyotoa mwanga sitaigusa. Tangu Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wapewe Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa ajili ya LED ya bluu, kila gazeti limeshaieleza, na mimi habari hiyo hainisisimui tena. Hesabu ya kubana umeme nayo tuimalize upesi: balbu sita za wati 10 ni wati 60, yaani ampea 5. Betri ya asidi ya ampea-saa 80 haitakiwi kunywewa zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa 8 za mwanga. Weka LED sita za wati 2 zenye mwanga unaolingana na ule, utavuta ampea 1, na saa zako ni 40. Ndiyo sababu watu wa karavani wanazikimbilia. Haya, tuendelee na jambo lenyewe.

Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika huonyesha kama volti 12.7. Ikikaribia kuisha, huku taa zinawaka, hushuka hadi 11.5 hivi. Na inapochajiwa, iwe kwa altaneta ya gari au kwa chaja ya ukutani, hupandishwa hadi karibu 14.4. Balbu ya halojeni iliyavumilia yote hayo bila kelele nyingi, kwa sababu waya wake wa tangsteni una tabia njema: ukizidi kupata moto, ukinzani wake unaongezeka, hivyo unajizuia wenyewe. LED haina adabu hiyo. LED nyeupe hukaa kimya mpaka ipate volti karibu 3, kisha hapo ongezeko dogo tu la volti hufungulia mkondo mkubwa. Mbaya zaidi, inapochemka huhitaji volti pungufu kidogo, kwa hiyo mkondo unazidi, joto linazidi, na safari inaendelea hivyo hivyo.

Taa ya bei poa hulitatua hili kwa njia rahisi kuliko zote. Hufunga LED tatu mfululizo, ambazo kwa pamoja hutaka volti 9, halafu huweka rezista ya kumeza volti 3 zilizobaki. Rezista ya omu 150 itapitisha miliampea 20. Kwa volti 12 kamili kila kitu kimetulia. Chaja ikipandisha volti kufikia 14.4, LED zinang'ang'ania 9 zao, na nyongeza yote inaiangukia rezista: sasa ina volti 5.4 badala ya 3, na mkondo unapanda hadi miliampea 36 hivi. Tazama uwiano huo. Volti zimeongezeka kwa asilimia 20, mkondo kwa asilimia 80! Zaidi ya theluthi ya umeme unaoingia inageuka joto ndani ya rezista, na joto hilo limebanwa kwenye kibao kisichozidi upana wa kidole. Hapo ndipo taa za Hamburg zilipofia.

Ni mpangilio ule ule wa taa za utepe zinazofungwa kwenye daladala na bajaji zetu, na ndiyo maana utepe wa volti 12 hukatwa kila baada ya LED tatu. Nyumba zenye sola ya volti 12 nazo zimo humo humo: saa za mchana, chaja kontrola inapoijaza betri, volti hupanda vile vile kama kwenye karavani. Bahati yao ni kwamba wakati huo taa huwa zimezimwa.

Sasa lipo suluhisho la pili, na kusema kweli makala hii yote nimeiandika ili nilifikie. Ndani ya taa bora ya G4, nyuma ya LED, kuna transista, dayodi na koili, kila kimoja cha milimita chache tu. Havimezi volti zilizozidi. Vinazikatakata.

Hiyo koili ndiyo kipenzi changu, na jina lake linaniudhi. Koili ni waya uliosokotwa, basi. Jina linataja umbo na kunyamaza kuhusu kazi. Rezista tumeipa kikinza, angalau linasema kitu. Kwa koili mimi hutumia kikaidi, kwa kuwa kazi yake ni moja: kukataa mkondo usibadilike ghafla. Ukitaka kuuongeza, kinapinga. Ukitaka kuupunguza, kinapinga pia. Wenzangu wa istilahi wamelinunia neno hili, wakisema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Huyu wangu anafaidi kila siku, tena sisi ndio tunaofaidi pamoja naye.

Chukua mkokoteni wa Kariakoo uliosheheni magunia, unapanda mwinuko mdogo usiokwisha. Mwinuko ni zile LED tatu: unavuta nyuma kwa nguvu ya volti 9, ile ile muda wote. Uzito wa magunia ndio kikaidi, na mwendo wa mkokoteni ndio mkondo tunaotaka uwe wa namna moja. Kijana anayesukuma ndiye betri. Tatizo lake ni kwamba ana nguvu za kupita kiasi na hajui kusukuma kidogo: akisukuma, anasukuma kwa nguvu zote, 12. Taa ya rezista hulitatua hilo kwa kumfunga mwenzake nyuma ya mkokoteni aburuze miguu. Mwendo unatulia, lakini mmoja anatoka jasho kwa kusukuma na mwingine kwa kuzuia, na kijana akizidi kushiba ugali, mwenzake anachubuka visigino. Taa ya kikaidi inamfukuza huyo wa nyuma na kumpa kijana amri moja tu: sukuma, achia, sukuma, achia. Kwa sababu magunia ni mazito, mkokoteni haurukii mbele anaposukuma wala hausimami anapoachia. Unayumba kidogo sana kwenye mwendo wake. Akiwa na nguvu 12, asukume robo tatu ya muda, maana robo tatu ya 12 ni 9, sawa na mwinuko. Nguvu zake zikifika 14.4, asukume asilimia 62.5 ya muda. Hiyo nayo ni 9. Msimamizi yupo pembeni, saketi ndogo inayoutazama mwendo na kupiga filimbi, na katika taa hizi filimbi hulia hata mara laki kadhaa kwa sekunde moja.

Kuna jambo moja zaidi kwenye mkokoteni huo. Kijana anapoachia, njia lazima iwe wazi. Ukijenga ukuta mbele ya mkokoteni wenye kasi, hauukubali, unaubomoa. Kazi ya dayodi ni kuiacha njia wazi, ili mkondo ambao kikaidi hakitaki ufe upate pa kuzungukia. Dayodi isipokuwepo, kikaidi hupandisha volti zake chenyewe mpaka kipate upenyo, hata kama ni kwa kuruka hewani. Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu wa Albany nchini Marekani, aliiona cheche hiyo alipokuwa akikata umeme kwenye waya mrefu, akaitangaza mwaka 1832. Kizio cha ukaidi huu kinaitwa henri kwa heshima yake.

Na matokeo yake ni ya kuchekesha. Taa ya wati 2 inayotumia kikaidi huvuta miliampea 167 kwa volti 12, lakini volti zikipanda kufikia 14.4 huvuta 139 tu, ukiacha upotevu mdogo wa ndani. Sukuma zaidi, inakunywa kidogo. Hakuna balbu ya zamani iliyowahi kufanya hivyo. Mwanga haubadiliki hata kidogo, na chaja ya kambini inaweza kuwaka na kuzimika usiku kucha bila aliyelala kujua.

Kwa hiyo nilimjibu msomaji asitazame idadi ya LED wala maneno ya sifa. Atafute taa iliyoandikwa volti 10 hadi 30. Upana huo hauwezekani kwa rezista peke yake, ndiyo dalili kwamba ndani kuna kikaidi. Karavani nyingine za zamani zina transfoma inayotoa mkondo geu badala ya mkondo mnyoofu, basi iwe imeandikwa kwamba inakubali yote mawili. Fyuzi asizibadilishe, na kama kuna swichi ya kufifisha mwanga ataihitaji nyingine.

Lingine ni redio. Kukatakata umeme mara laki kadhaa kwa sekunde hutoa mawimbi, na taa iliyotengenezwa ovyo huyamwaga nje. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwa mabaharia kwamba taa za LED zinaweza kuvuruga redio za mawasiliano baharini, na wakashauri jaribio ambalo hata mtu wa karavani analiweza: zima taa, sikiliza redio kwenye chaneli isiyo na mtu, kisha washa. Anunue moja kwanza, aijaribu hivyo, ndipo aagize nyingine tano.