Kabla Hujanunua Laptopu Nyingine, Fungua Uliyonayo

Laptopu nyingi zinazosemwa zimezeeka bado zina nguvu zake. Prosesa inafanya kazi, kioo kinang'aa, kibodi haijang'oka hata herufi moja. Lakini mwenyewe akiiwasha saa mbili asubuhi, barua ya kwanza anaifungua saa mbili na robo. Hukumu hutolewa hapo hapo: mashine imechoka, itafutwe nyingine. Fundi anayeijua kazi yake huuliza kwanza maswali mawili. Ndani kuna diski ya aina gani? Na RAM ni kiasi gani?

Maswali hayo yana uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, zimekwisha kuajiriwa kwingine. Ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizotolewa kwenye ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba baada ya kampuni kununua mpya. Mashine za ofisi hutengenezwa kwa bawaba imara na kibodi ya kustahimili. Zaidi ya hayo, nyingi zina kifuniko cha chini kinachofunguka kirahisi, kwa sababu fundi wa kampuni yenye kompyuta mamia hana muda wa kupoteza.

Tuchukue mfano wa ThinkPad X230 iliyotoka mwaka 2012. Diski yake huchomolewa ubavuni kwa kufungua skrubu moja. RAM iko chini ya kifuniko kidogo, nafasi ni mbili, na jumla inafika gigabaiti 16. Mrithi wake, X240, ana nafasi moja tu ya RAM na kikomo rasmi cha gigabaiti 8. Nduguye T440s ana gigabaiti 4 zilizochomelewa kwenye ubao mkuu na nafasi moja ya kuongezea. Mnunuzi anayetazama sura atachagua X240, maana ni mpya zaidi na nyembamba zaidi. Anayefikiria miaka mitano ijayo huenda akarudi kwa X230.

Apple nayo ilifika njia panda hiyo hiyo. Juni 2012 ilitoa MacBook Pro za umbo la zamani pamoja na mpya ya inchi 15 yenye kioo cha Retina. Ya zamani inafunguka, diski na RAM hubadilishwa. Kwenye ile ya Retina, RAM imechomelewa moja kwa moja. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. MacBook Pro ya inchi 13 ya umbo la zamani iliendelea kuuzwa hadi Oktoba 2016, na mpaka leo mafundi huipokea kwa furaha.

Diski kwanza

Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja aanze na diski. Sababu iko kwenye namna diski ya zamani inavyofanya kazi. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, na juu yake kichwa cha kusomea kinachohama huku na huko kama sindano ya santuri. Kwenye laptopu nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kichwa kikishafika mahali panapotakiwa, bado kinasubiri data izunguke mpaka ipite chini yake, na kusubiri huko peke yake kunachukua wastani wa milisekunde 5.6. Ukijumlisha na muda wa kichwa kuhama, diski haifikishi miondoko 100 ya aina hiyo kwa sekunde. Windows inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona ya diski. Prosesa, hata ikiwa mpya kabisa, hukaa bure ikisubiri.

SSD, diski ya kisasa inayochukua nafasi ya hiyo ya zamani, haina kinachozunguka. Data hukaa kwenye chipu za flashi, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani katika miaka ya 1980. Kipande chochote hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, popote kilipo. SSD inayounganishwa kwa njia ya SATA husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka huishia kwenye mia moja na kitu. Kinachomfanya mtumiaji ashangae, hata hivyo, ni vile vipande vidogo kupatikana papo hapo: laptopu iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwa tayari huweza kuwa tayari ndani ya dakika moja. Isitoshe, kwa anayebeba laptopu kwenye bodaboda au daladala, kifaa kisicho na sahani wala kichwa cha kugongana hustahimili mtikisiko kuliko diski ya zamani.

Umbo lake ndilo la kuangalia kabla ya kulipa. Laptopu za kabla ya mwaka 2015 kwa kawaida hutumia SSD ya inchi 2.5, ambayo huingia palepale ilipokuwa diski. Nyingi za baadaye zina nafasi ya M.2, kijibao kirefu chembamba, na hapa ndipo watu wanapopotea. M.2 ziko za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kuunganisha. Zinafanana kwa umbo, ila mashine inayojua SATA peke yake haitaisoma NVMe. Dawa ni kutafuta mwongozo rasmi wa matengenezo wa modeli husika kabla ya kwenda dukani.

RAM baadaye

RAM ni mahali data inapowekwa wakati kazi inaendelea. Ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya data kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kwa hiyo laptopu yenye gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka huumia mara mbili: RAM haitoshi, na msaidizi wake ni mwendo wa kobe. Kivinjari chenye kurasa kadhaa, WhatsApp na hati ya Word vinatosha kuigandisha.

Kwa mwanafunzi, mwalimu au karani, gigabaiti 8 zinatosha. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo ana sababu ya kwenda 16. Vijiti viwili vinavyolingana hufaa kuliko kimoja kikubwa, kwani prosesa huvisoma kwa pamoja, na picha za kioo, ambazo kwenye laptopu nyingi huazima RAM hiyo hiyo, hunufaika. Jambo jingine husahaulika: Windows ya biti 32 haivuki gigabaiti 4. Ukiongeza kijiti bila kupiga Windows ya biti 64, fedha imekwenda bure.

Vizazi vya RAM havichanganyiki. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo la kukatwa mahali tofauti, kwa hiyo kijiti cha kizazi kingine hakiingii. Mtego uko ndani ya DDR3 yenyewe, kwani ipo ya volti 1.5 na ipo DDR3L ya volti 1.35, nazo hufanana. HP EliteBook 840 G1, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, inataka DDR3L. Ukiipa ile nyingine itaingia vizuri, kisha mashine inaweza kugoma kuwaka.

Bei nazo zimebadilika. Vituo vya data vya akili unde vinameza chipu kwa wingi, na watengenezaji wamegeukia huko. Desemba 2025, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuwauzia wateja wa kawaida RAM na SSD zenye jina la Crucial, jina lililozoeleka kwa mafundi wa dunia nzima. Anayehitaji DDR3 bado ana njia nyingine, kwa sababu vijiti vilivyochomolewa kwenye laptopu mbovu huuzwa kwa mafundi, na RAM haichakai upesi. Ijaribiwe kwa programu ya MemTest86 kabla ya kuondoka.

Kazi ya bisibisi

Kazi yenyewe ni ya saa moja au mbili. Kwanza hutolewa nakala ya mafaili yote na kuwekwa mahali pengine. Kisha mtu huchagua: kuhamisha diski nzima kama ilivyo kwa programu ya bure kama Clonezilla, akitumia waya wa kuunganisha SATA na USB, au kupiga mfumo upya. Kupiga upya huondoa pia takataka za miaka mingi. Laptopu huzimwa kabisa, chaja huchomolewa, betri hutolewa, na fundi hugusa chuma ili umeme tuli wa mwilini usiunguze chipu. RAM huingizwa kwa mshazari, kisha husukumwa chini mpaka vibano vya pembeni vilie.

Sokoni macho yawe wazi. Kuna SSD bandia zinazotangaza terabaiti 2 ilhali ndani mna kadi ndogo ya simu. Zikijaa kiasi kidogo, data mpya hufuta ya zamani. Programu za H2testw na F3 huzijaza na kuzisoma upya, uongo ukaonekana. Kwa SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo huonyesha afya yake na saa ilizofanya kazi.

Diski iliyotoka isiachwe kwenye meza ya duka. Kufuta faili hakuondoi data, huondoa njia ya kuifikia tu. Ikiwa bado nzima, iwekwe kwenye kasha la USB itumike kuhifadhi nakala. Ikiwa inauzwa, iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho. Shule na zahanati zina wajibu zaidi, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Kenya ilitunga yake 2019.

Kuna mpaka ambao SSD na RAM haziuvuki. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha nane hivi na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. X230 iliyofufuliwa haina njia rasmi ya kwenda Windows 11. Linux Mint, inayopatikana bure na kuendelea kupokea marekebisho ya usalama, huenda vizuri kwenye mashine hiyo, hasa kwa anayefanya kazi nyingi ndani ya kivinjari.

Ipo pia laptopu isiyostahili kutumiwa fedha. Ikiwa RAM imechomelewa, betri haishiki chaji, kioo kimepasuka na bawaba zimeng'oka, jumla ya matengenezo itapita bei ya nyingine iliyotumika. Hapo iachwe. Na unapokwenda kununua hiyo nyingine, andika jina kamili la modeli, soma mwongozo wake, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini uone nafasi za RAM na diski kwa macho yako.